Sogea Tukae Si Ndoa Mpaka Hakimu Aseme

Siku ya kuanua matanga ndiyo siku ya maswali. Masufuria ya majirani yamesharudishwa, turubai limeshushwa, na wazee wa ukoo wa marehemu wamejifungia sebuleni kuchagua msimamizi wa mirathi. Mwanamke aliyempikia marehemu, aliyemfulia, aliyemzalia watoto watatu na kumuuguza hadi mwisho anaitwa ndani. Anaulizwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa miaka yote aliyoitwa shemeji, wifi na mama fulani: cheti cha ndoa kiko wapi?

Cheti hakipo. Kilichokuwapo ni begi la nguo, chumba cha kupanga, na makubaliano ambayo Dar es Salaam nzima inayajua kwa jina la sogea tukae. Nairobi huyaita kamwistei. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimfikiria mwanamke huyu, tena mapema kuliko sheria za nchi jirani. Ila ilichompa ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani, na pengo hilo kati ya kinachodhaniwa na kilichoandikwa ndilo linalowatoa watu kwenye nyumba walizozijenga kwa mikono yao.

Kijiweni na saluni husemwa kwamba mkikaa miezi sita, tayari ninyi ni mke na mume. Wengine husema mtoto akishazaliwa, basi. Hakuna kifungu kinachosema hivyo. Kifungu cha 160 kinataka miaka miwili au zaidi, na haitoshi miaka mitupu: mwanamume na mwanamke wawe wameishi pamoja kwa namna iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke machoni pa watu. Hapo mahakama itachukulia kwamba walioana kihalali. Wanasheria huiita dhana ya ndoa, na neno hilo limechaguliwa vizuri, kwa kuwa dhana hukanushwa.

Hukanushwa kwa njia nyingi. Mwanamume anaweza kuleta cheti cha ndoa ya kanisani aliyofunga zamani na mwanamke mwingine, ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, na hapo hana uwezo wa kisheria wa kuwa mume wa mtu wa pili hata angeishi naye miaka 20. Anaweza kuthibitisha kwamba alikuwa akija na kuondoka, kodi analipa lakini makazi yake yako kwingine. Akiwa amefariki, ndugu zake watapanda kizimbani kusema kwamba ukoo haukumtambua huyu, hakuna barua ya posa, hakuna mahari, alikuwa hawara tu. Upande wa pili nao utaita mjumbe, mama mwenye nyumba na jirani wa ukuta kwa ukuta. Itatafutwa kadi ya kliniki yenye jina la baba, fomu ya shule, kadi ya bima ya afya iliyomtaja kama mwenza, picha ya msiba wa mama mkwe ambapo alikaa na wafiwa. Maisha ya watu wawili yanageuka kuwa rundo la vielelezo mbele ya hakimu, na mmoja wao pengine yuko kaburini.

Kwa hiyo aliyekaa miaka 11 bila cheti hana haki mkononi. Ana kesi. Anaweza kuishinda, lakini lazima kwanza aifungue, aihudhurie na aisubiri, wakati aliye na karatasi moja ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, anaiweka mezani na mazungumzo yanahamia kwenye mambo mengine.

Haki inamtaka mtu aseme pia kwamba mahakama za Tanzania hazikuwatupa wanaoshindwa kuthibitisha dhana hiyo. Kifungu kidogo cha pili cha 160 kinamruhusu mwanamke ambaye dhana yake imekanushwa kuomba matunzo yake na ya watoto, na kinaipa mahakama nafasi ya kutoa nafuu nyingine, ikiwemo malezi ya watoto. Katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililochapishwa katika ripoti za kesi za 1994, Mahakama ya Rufani ilikwenda mbali zaidi: watu walioishi kama mume na mke na kupata nyumba katika maisha hayo wanaweza kugawanyiwa nyumba hiyo hata kama dhana ya ndoa imeanguka. Ni uamuzi wa busara. Ubaya wake ni kwamba umekaa kwenye hukumu, haukuandikwa wazi ndani ya kifungu, na mwanamke wa Mbagala au Igoma anayetolewa vitu nje leo hii hatembei na ripoti za kesi kwenye kanga.

Kenya nayo ilipita njia hiyo ya huruma ya mahakama. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua shauri la Hortensia Wanjiku Yawe, mwanamke aliyeishi Nairobi na rubani Mganda kwa zaidi ya miaka 9, wakapata watoto 4, kisha mwanamume akafa kwenye ajali ya barabarani. Swali lilikuwa lile lile la siku ya matanga. Majaji walisema kuishi pamoja kwa muda mrefu na kujulikana hivyo kunatosha kudhania kwamba wawili hao walikuwa mke na mume. Kwa miongo minne na zaidi hukumu hiyo ilikuwa mwavuli wa wajane wengi wa Kenya.

Mwavuli huo sasa umetoboka. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika shauri la watu wawili wanaotajwa kwa herufi tu, MNK na POM. Walikuwa wameishi pamoja tangu miaka ya 1980, wakapata kiwanja na kujenga nyumba za kupangisha, na jina lililokuwa kwenye hati lilikuwa la mwanamke. Hapa mlalamikaji alikuwa mwanamume. Wanaodhani kwamba mambo haya ni kilio cha wanawake peke yao waisome hukumu hiyo taratibu. Mahakama ya Rufani ilikuwa imemkubalia kwamba walikuwa mke na mume, ikagawa mali nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ilikataa: mwanamke alikuwa na ndoa nyingine, hivyo hapakuwa na uwezo wa kuoana, na pasipo uwezo huo dhana haisimami. Badala yake majaji walitumia kanuni ya amana, wakaangalia nani alitoa nini, wakampa mwanamke asilimia 70 na mwanamume asilimia 30.

Majaji hao hawakuishia hapo. Waliweka masharti makali kwa yeyote atakayekuja baadaye. Muda uwe mrefu, uwezo wa kuoana uwepo, nia ya kuoana iwepo kwa pande zote mbili pamoja na ridhaa, jamii iwe imewaona kama wanandoa, na mzigo wa kuthibitisha umkalie anayedai. Wakasema wazi kwamba dhana ya ndoa iko katika siku zake za mwisho, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, ya kanisani, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kisha wakaliomba Bunge litunge sheria kwa ajili ya watu wanaoishi pamoja bila ndoa, maana wapo, ni wengi, na wanajenga nyumba.

Kuna jambo la historia hapa ambalo Watanzania hawaambiwi mara nyingi. Mawazo mengi ya sheria yetu ya 1971 yalitoka kwenye ripoti ya tume iliyoundwa Kenya mwaka 1967. Wabunge wa Kenya walikataa miswada iliyotokana na ripoti hiyo. Tanzania ikayachukua mawazo hayo na kuyafanya sheria. Kenya ilikaa hadi 2014 kupata sheria moja ya ndoa. Nchi iliyokuwa mbele kwa zaidi ya miaka 40 haina sababu ya kukaa ikimtazama jirani akiuliza maswali ambayo yenyewe ingepaswa kuwa imeshayajibu.

Lakini ndoa yenyewe inampa mtu nini, ukiacha heshima na pete?

Inampa, kwanza, kauli juu ya nyumba. Kifungu cha 59 kinasema nyumba ya familia, hata kama ni mali ya mmoja tu, haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ipo. Ndiyo maana benki makini ikitaka kukopesha kwa dhamana ya nyumba huomba saini ya mwenza. Mwenza anayehofia nyumba itauzwa kwa siri anaweza kuweka zuio. Aliye kwenye sogea tukae akitaka kinga hiyo, atakumbushwa kwamba lazima kwanza athibitishe kuwa ndoa ipo, na wakati anathibitisha dalali tayari ameshaleta wateja.

Inampa matunzo. Kifungu cha 63 kinamtaka mume ampe mke makazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Kinamgeukia mke pia: mume akiwa hajiwezi kwa ugonjwa au ulemavu na mke ana kipato, wajibu ni wa mke. Wanaume wachache sana wanajua sentensi hiyo ipo. Kifungu kinachofuata kina utamu wake. Mke anachukuliwa kuwa na idhini ya kukopa kwa jina la mumewe kwa ajili ya mahitaji ya lazima ya nyumba, kulingana na hali ya maisha yao. Daftari la duka la Mangi pale kona, lenye unga, mafuta na sabuni, linaweza kumfikia bwana mwenyewe. Na kifungu cha 66, kilichoandikwa zaidi ya nusu karne iliyopita, kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake, licha ya desturi yoyote. Hicho kingebandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya kata.

Na ndoa ikivunjika, kuna kifungu cha 114 cha kugawana mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Kwa miaka kadhaa majaji waligawanyika juu ya maana ya juhudi hizo. Wapo waliosema mke wa nyumbani asiye na mshahara hakuchuma kitu. Wengine walisema aliyelea watoto na kupika ndiye aliyemwezesha mwenzake kwenda kuchuma. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wa Mahakama ya Rufani walimaliza ubishi huo: kazi za nyumbani ni mchango. Kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba vinahesabika.

Watu huishia hapo wanaposimulia kesi hiyo, na kwa kufanya hivyo huacha nusu ya somo. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kufanyia biashara ya familia naye akazitapanya, na hilo likapunguzwa kwenye fungu lake mpaka likaisha. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akaondoka mikono mitupu. Tangu hapo Mahakama ya Rufani imerudia mara kwa mara kwamba ukubwa wa mchango ni suala la ushahidi. Mwanandoa anayedhani kwamba talaka humpa nusu moja kwa moja amekosea, Tanzania na hata Kenya, ambako siku ile ile ya 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa uliotajwa kwenye Katiba haumaanishi kila mmoja abebe nusu. Risiti ya saruji, ujumbe wa M-Pesa wa kumlipa fundi, shahidi aliyemwona akichota maji ya kufyatulia tofali: vitu hivyo vina thamani ambayo mapenzi yakiwa moto hakuna anayeifikiria.

Watoto, kwa bahati njema, wana ngao imara kuliko ya mama yao. Sheria ya Mtoto ya 2009 haiulizi kama wazazi walifunga ndoa. Mtoto ana haki ya kutunzwa na mzazi wake, na kifungu cha 10 kinakataza kumnyima sehemu ya kufaa ya mali ya mzazi aliyefariki. Ndiyo sababu wajane wengi wasio na cheti hushauriwa kuingia kwenye mirathi kwa mgongo wa watoto. Ni njia halali na inafaa. Lakini inauma kuona mtu aliyejenga nyumba akilazimika kuidai kwa jina la mwanawe wa darasa la tatu.

Kwa nini basi watu hawaandikishi? Ukiwauliza, wengi watataja fedha, na ukisikiliza vizuri utagundua wanazungumzia harusi. Kiswahili kimetupa maneno mawili, ndoa na harusi, nasi tumeyachanganya mpaka moja likalimeza jingine. Kamati, kundi la WhatsApp la michango, kichen pati, sendoff, ukumbi, mpishi, sare za wasindikizaji: hayo ni harusi. Vijana wanahofia aibu ya kufunga ndoa bila ukumbi, wanaamua kusubiri hali iwe nzuri, na wakati wanasubiri wanazaa, wanajenga na kuzeeka.

Ndoa ya bomani haitaki lolote kati ya hayo. Wawili wanaotaka kuoana hutoa taarifa kwa msajili siku 21 kabla, katika ofisi ya wilaya, ile ambayo wazee bado huiita boma tangu enzi za Wajerumani, au kupitia RITA. Taarifa hiyo hutaja majina, umri, makazi, hali ya kila mmoja kindoa, na kama mwanamume ana mke mwingine, ijulikane. Hutangazwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mke aliyepo katika ndoa ya wake wengi anaweza kupinga akionesha kwamba uwezo wa mumewe ni mdogo na ndoa mpya itamletea yeye na wanawe dhiki. Siku ikifika panahitajika mashahidi wawili na ridhaa ya hiari. Wawili hao watatamka kama ndoa yao ni ya mke mmoja au inaweza kuwa ya wake wengi, na hapo ni vizuri mtu aelewe anachotia saini, kwa sababu kubadilisha baadaye kunahitaji tamko la wote wawili mbele ya jaji au hakimu.

Waliofunga ndoa ya kimila nao wana kazi ndogo ambayo wengi huiruka. Ng'ombe wakishatolewa na wazee wakishatema baraka, sheria inawataka wanandoa kuomba usajili ndani ya siku 30. Kutosajili hakuifanyi ndoa kuwa batili, lakini kunaibakisha kwenye vinywa vya wazee, na wazee hufa. Kenya ilianza kusajili ndoa za kimila Agosti 2017.

Waswahili walioko Uingereza wako kwenye mtego mbaya zaidi. Sheria ya England haina miaka miwili wala kumi inayogeuza wapenzi kuwa wanandoa, ingawa imani hiyo imeenea mno kule. Na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya huko, katika shauri la Akhter na Khan, ilishikilia kwamba nikaha iliyofungwa bila taratibu za kiserikali haitambuliwi kama ndoa kisheria. Binti wa Mombasa au Unguja aliyeolewa kwa shehe katika ukumbi wa London akadhani mambo yamekwisha, anapaswa kwenda kwa msajili wiki hiyo hiyo. Wasiotaka neno ndoa wana mlango mwingine, ubia wa kiraia, ambao tangu tarehe 31 Desemba 2019 uko wazi pia kwa mwanamume na mwanamke, na unabeba karibu haki na wajibu wote wa ndoa.

Nyumbani, kuna mambo mawili ambayo Bunge la Tanzania linaweza kuyafanya bila kutikisa imani ya mtu yeyote. La kwanza ni kuandika ndani ya kifungu cha 160 kile ambacho Mahakama ya Rufani ilishakisema kwa Renata Mashayo: mali iliyochumwa na watu walioishi kama mume na mke itagawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, hata dhana ikikanushwa. Maneno hayo yaguse pia kifo, siyo kuachana peke yake, maana kesi ngumu zaidi huanzia makaburini. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuhalalisha uzinzi. Hoja yao inastahili kujibiwa kwa heshima: asiyetambuliwa na sheria hafukuzwi na Mungu, hufukuzwa na shemeji yake, na anayefaidika na ukimya wa kifungu ni yule aliyekwepa wajibu.

La pili ni kuushusha usajili mpaka kwenye kata, mahali ambapo tayari Baraza la Usuluhishi la Ndoa linakaa. Kwa sasa mtu huenda kwenye kata yake kupata hati ya kwamba ndoa imeshindikana ndipo aende mahakamani kudai talaka, lakini kuifunga ndoa hiyo kiserikali lazima asafiri hadi wilayani. Kwa anayeishi Kariakoo hiyo ni nauli ya daladala. Kwa anayeishi vijiji vya mbali vya Kilwa au Sikonge ni siku mbili za kazi.

Mpaka hayo yafanyike, wawili walio kwenye chumba kimoja leo hawana haja ya kuusubiri muswada. Wanaweza kupeleka taarifa bomani wiki hii na sherehe ikafuata mwaka ujao, au isifuate kabisa. Na kiwanja kikinunuliwa kesho, katika ile karatasi ya mauziano inayogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, mnunuzi aandikwe kwa majina mawili. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja itadhaniwa kuwa yake peke yake, na iliyopatikana kwa majina ya wote wawili itadhaniwa kuwa yao sawa kwa sawa. Jina la pili linaandikwa kwa kalamu ile ile, kwenye mstari ule ule, kabla muuzaji hajatia dole gumba.